KOMPYUTA YAKO INATUMIA MFUMO GANI? SOMA KABLA HUJACHOMEKA FLASHI

Mimi nauza mawese na dagaa wakavu kutoka hapa Ilagala, wateja wangu wengi nawapata mtandaoni. Oda na madeni yote naandika kwenye kompyuta. Siku moja nusura nipoteze kila kitu.

Nilipeleka flashi steshenari kuprinti risiti. Kurudi nyumbani nachomeka, mafolda yote yamegeuka shotikati. Nikabofya. Kumbe kule kubofya ndiko kunakoamsha kirusi, kikahamia na kwenye kompyuta. Mteja wa Ujiji anaulizia madumu yake sita, mimi hata sijui kalipa kiasi gani!

Rafiki yangu anatumia Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Akachomeka ile flashi kwake: mafaili yote yapo. Kirusi kilikuwa kimeyaficha tu. Ile alama ya kuficha Windows inaitii, Linux haina habari nayo. Na kirusi chenyewe kilitengenezwa kwa ajili ya Windows, kwenye Linux hakikufanya kazi.

Sasa tuelewane tofauti zake:

1. WINDOWS. Ndiyo yenye watu wengi kwenye kompyuta, kwa hiyo wezi nao wamejaa huko. Si mbovu, ina kinga yake ya bure, Defender. Shida ni sisi: tunaweka ya kuchakachua na tunakwepa masasisho tukiogopa bando kuisha. Mei 2017 kirusi WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 kikidai hela, wakati Microsoft walishatoa dawa yake tangu Machi. Na Windows 10 masasisho yake ya kawaida yaliisha Oktoba 14, 2025. Ukinunua kompyuta ya mtumba, uliza kwanza.

2. LINUX. Bure kabisa. Programu unazichukua kwenye ghala lake lenyewe, na haibadilishi kitu kikubwa bila neno la siri. Ila baadhi ya programu ulizozoea hutazikuta.

3. MAC. Inakagua programu kabla ya kuifungua. Virusi vipo ila si vingi kama vya Windows. Bei yake sasa, mmh!

4. SIMU YA ANDROID. Wengi wetu duka liko humu. Usiweke apu uliyotumiwa WhatsApp, chukua Play Store.

Fanya haya leo: sasisha mfumo, nakili orodha ya wateja sehemu ya pili, na flashi ya steshenari iwe na faili la kuprinti tu, basi.

Na kumbuka, hakuna mfumo utakaokuzuia kumtajia tapeli namba yako ya siri. Ile "hela tuma kwenye namba hii" haihitaji kirusi, inakuhitaji wewe tu.

Mtumie na mwenzako anayeuza mtandaoni. Biashara njema!