Robo, Theluthi na Kengele ya Zamu

Saa sita na nusu mchana, katika shule moja ya msingi ya Tegeta, ndani kidogo kutoka Barabara ya Bagamoyo. Zamu ya asubuhi inatoka, ya mchana inaingia, dawati halipoi. Ilikuwa mwaka 2025, nami nilikwenda kutazama Jumuiya ya Kujifunza, kile kikao cha walimu kufundishana wenyewe kwa wenyewe kilicho moyo wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini.

Walikaa walimu sita chini ya mwarobaini. Mada ilikuwa sehemu, darasa la nne. Mwalimu mmoja alitoa chapati mbili kwenye hotpoti, akakata moja vipande vitatu, nyingine vinne. Tatizo lake: watoto wanashikilia kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi, maana nne inaizidi tatu. Mwenzake akasema kwake chapati hazikusaidia. Watoto waliona vipande, wakakubali, kisha walipoandika wakarudia kosa lile lile. Yeye huanza na kugawana: chapati moja kwa watu watatu, kisha aje wa nne, nani atalalamika? Wakabishana vizuri sana. Nimekaa kwenye semina nyingi za hoteli ambazo hazikufika hapo.

Mjadala wa namna hiyo ndio unaozaa umahiri unaotajwa katika mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, na imefungua mkondo wa amali kuanzia kidato cha kwanza. Hayo yametangazwa sana, sitayarudia.

Ila neno umahiri si geni. Liliingia katika mitaala tangu 2005. Muhtasari ulibadilika, lakini walimu wengi waliupokea bila mafunzo ya maana, na mitihani ikaendelea kuuliza ya kukariri. Mwalimu si mjinga, hufundisha kitakachoulizwa.

Na si mara ya kwanza mwalimu kuachwa hivyo. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, elimu ya msingi kwa wote iliposukumwa hadi kufikia 1977, vijana waliomaliza darasa la saba walipewa chaki huku wakijifunza ualimu kazini. Shule za sekondari za kata zilipotapakaa miaka ya 2000, waliomaliza kidato cha sita wakapikwa haraka haraka, mtaani wakaitwa Vodafasta. Jina lile lilikuwa la dhihaka, nami silipendi. Baadhi yao leo ni walimu hodari. Walichokosewa ni kwamba baada ya kupelekwa darasani, hakuna aliyewafuata.

MEWAKA inajaribu kuwafuata. Kikwazo chake kikubwa ni muda. Tuchukue darasa la watoto 90, mara mbili ya wale 45 wanaotakiwa kwa mwalimu mmoja. Kipindi ni dakika 40. Mwalimu akiamua kumsikiliza kila mtoto na asifanye jambo jingine lolote, kila mmoja anapata sekunde 26 na ushei. Na umahiri haupimwi kwa vyema na kosa peke yake, unataka umwone mtoto akifanya. Kisha kuna azimio la kazi na andalio la somo, ambavyo mara nyingine huandikwa kwa ajili ya macho ya mthibiti ubora kuliko ya mwandishi mwenyewe.

Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya 2018 inataka mwalimu asajiliwe na awe na leseni, kama daktari. Naiunga mkono. Lakini leseni haiongezi saa katika siku.

Na watoto wale wa darasa la nne la 2025 ndio waliotangulia katika mfumo wa miaka sita. Watamaliza mwaka 2027 pamoja na darasa la saba la mwisho, na Januari 2028 mikupuo miwili itagonga mlango mmoja wa kidato cha kwanza.

Kengele ikalia kabla wabishani hawajaafikiana. Watatu walikuwa wa zamu ya mchana, wakainuka wakijifuta mafuta mikononi. Hoja ya robo na theluthi ikaahirishwa hadi Alhamisi iliyofuata. Alhamisi hiyo walimu waliitwa kata.