Je, Wajua? Mzabibu Unaosukwa Kapu

Je, wajua kwamba katika kisiwa cha Santorini, Ugiriki, mzabibu hausimamishwi kwa nguzo na nyaya, bali husukwa palepale chini? Kila mwaka baada ya kupogoa, mkulima huyazungusha matawi yaliyobaki, moja juu ya jingine, hadi yafanye kapu lililokaa juu ya udongo. Wenyeji huliita kouloura. Vichala hukua kwa ndani, vikakingwa na jua kali na upepo wa bahari unaorusha mchanga.

Zabibu nyeupe inayotawala huko ni Assyrtiko, na sifa yake kuu ni uchachu. Aina nyingi za zabibu zikiiva sana juani, sukari hupanda, asidi hushuka, divai ikapooza. Assyrtiko huiva vizuri, hutoa divai yenye kileo cha kutosha, na bado huchoma ulimi kama ndimu, pamoja na ladha ya chumvichumvi. Udongo una mchango wake: ni majivu na mawe mepesi ya mlipuko wa volkano uliotokea zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na una potasiamu kidogo sana. Potasiamu ikizidi kwenye zabibu, hupunguza makali ya asidi.

Udongo huohuo karibu hauna mfinyanzi, na hapo ndipo mizabibu ilipookolewa. Filoksera, kijidudu kilichotoka Amerika Kaskazini na kuteketeza mashamba ya Ulaya tangu miaka ya 1860, hakistawi humo. Kwingineko wakulima walilazimika kupandikiza mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani. Ya Santorini ingali kwenye mizizi yake yenyewe. Kapu likichakaa hukatwa, na chipukizi huota kutoka shina lilelile la zamani.

Kiangazi mvua hainyeshi. Ukungu wa usiku kutoka baharini ndio unaoinywesha mizabibu.

Zipo pia zabibu zinazoanikwa juani kwa siku kadhaa kabla ya kukamuliwa, kisha divai yake hukaa kwenye mapipa ya mwaloni miaka isiyopungua 2. Hiyo ndiyo Vinsanto, tamu bila kukinaisha, kwa sababu ya uchachu uleule.

Linalosikitisha ni kwamba mahoteli na nyumba za watalii zinaendelea kumega mashamba haya. Assyrtiko sasa inapandwa hata Australia, lakini mashina yale ya kale hayahamishiki.