Dozi ya Saa 11 Jioni

Mtu mzima anayeanza dawa mseto ya malaria saa 3 asubuhi humeza vidonge vinne papo hapo, kisha vinne vingine baada ya saa nane, yaani saa 11 jioni. Kuanzia kesho yake ni asubuhi na jioni kwa siku mbili, mpaka vidonge 24 viishe. Kwa maandishi, ratiba hiyo haina ugumu. Sasa ipeleke Bugwema, Musoma Vijijini, katika mkoa wa Mara, ambao bado ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Saa 11 jioni mifugo inarudi, maji hayajatekwa, na aliyeshinda bondeni ndiyo kwanza ananawa miguu. Dawa iko ndani. Anaikumbuka usiku, ameshalala.

Jirani atasema mgonjwa huyo ana kichwa kibovu. Mimi sikubali. Muulize dozi ikoje, atakueleza bila kukosea hata kidonge kimoja. Anajua la kufanya. Ila halikumjia pale lilipotakiwa.

Kukumbuka jambo la kutenda baadaye ni kazi ya aina yake, kwa sababu hakuna anayekuuliza. Akili inatakiwa ijishtue yenyewe wakati imezama katika shughuli nyingine. Mwaka 1990 Gilles Einstein na Mark McDaniel, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa vijana na wazee jaribio la maneno, wakawaambia wabonyeze kitufe kila neno fulani litakapotokea. Wazee hawakuachwa nyuma. Mwaka 1995, watafiti hao na wenzao walitaka kitufe kibonyezwe kila muda fulani unapopita, na hapo wazee wakazidiwa. Neno likitokea linakushtua lenyewe, lakini saa ni lazima uikumbuke ndipo uitazame.

  

Naona hapo ndipo dozi ya pili inapokwama. Nyingine zinaweza kuegemea chai ya asubuhi na ugali wa usiku. Hii imeegemea saa tupu.

Tiba inayopendekezwa haraka siku hizi ni meseji ya simu. Ng'ambo ya mpaka, Chulaimbo karibu na Kisumu, mtafiti Cristian Pop-Eleches na wenzake waliijaribu kuanzia mwaka 2007 kwa watu wazima 431 waliokuwa wameanza ARV, wakitumia chupa zenye vifuniko vinavyorekodi kila zinapofunguliwa. Kwa wiki 48, asilimia 53 ya waliopata meseji mara moja kwa wiki walimeza angalau asilimia 90 ya dozi zao. Kwa wasiotumiwa kitu, ni asilimia 40. Waliotumiwa kila siku hawakuwa na nafuu yoyote ya maana. Maelezo yanayoniingia akilini ni mazoea: simu inayolia kila siku kwa jambo lile lile inakuwa kama mashine ya kusaga kwa mwenye nyumba ya jirani, haisikiki tena.

Kuna jambo la pili: nani anayekumbushwa. Mwaka 2011 Dejan Zurovac na wenzake walieleza katika jarida la The Lancet jinsi wahudumu wa vituo vya afya vya vijijini Kenya walivyotumiwa meseji kuhusu tiba ya malaria kwa miezi sita. Watoto waliotibiwa kwa usahihi waliongezeka kwa zaidi ya pointi 23 za asilimia, na miezi sita baada ya meseji kukoma hali ilikuwa bado hivyo. Mtwara nako meseji zilitumwa kwa wauzaji wa maduka ya dawa muhimu. Ujuzi wao uliongezeka, lakini wagonjwa wao hawakumaliza dozi zaidi ya wale wa maduka yasiyotumiwa meseji. Mhudumu wa Kenya alikumbushwa jambo analolifanya kwa mikono yake. Muuzaji wa Mtwara alikumbushwa, kisha dawa ikaondoka na mtu mwingine kwenda nyumbani.

Wapo pia wanaoacha vidonge siku ya pili kwa sababu homa imeshuka, wakaviweka akiba. Hao hawajasahau, wameamua, na meseji si dawa yao.

Kwa aliyesahau kweli, mwanasaikolojia Peter Gollwitzer wa Ujerumani amechunguza kwa miaka mingi njia isiyohitaji hata chaji: kulifunga tendo kwenye tukio ambalo lazima litokee. Dukani ingekuwa hivi:

"Mama, saa 11 utakuwa wapi?"

"Nitakuwa nafunga ng'ombe."

"Basi ukishafunga zizi, kabla hujanawa uso, meza hivi vinne."

"Na wakichelewa kurudi?"

"Mtume kijana awafuate, wewe umeze."