Pumu ya Ngozi kwa Watu Wazima Afrika Mashariki: Mzigo wa Ugonjwa na Kipimo cha Tiba

Ikisiri

Pumu ya ngozi, ambayo kitaalamu huitwa dematitisi ya kiatopia, hudhaniwa na wengi kuwa ni maradhi ya watoto. Hata hivyo, ugonjwa huu huendelea hadi utu uzima kwa baadhi ya waliougua utotoni, na kwa wengine huanza ukubwani. Makala haya yanaeleza jinsi ugonjwa unavyojitokeza kwa mtu mzima mwenye ngozi nyeusi, mzigo anaoubeba, na namna unavyoweza kudhibitiwa katika ngazi mbalimbali za huduma. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo haisababishwi na kukosekana kwa dawa mpya za gharama kubwa. Inasababishwa na utaratibu wa kushughulikia ugonjwa sugu kana kwamba ni tukio la siku moja: dawa ya kupaka hutolewa pungufu, kilainishi cha ngozi hakitolewi, na mgonjwa haitwi tena.

1. Utangulizi

Makadirio ya mzigo wa maradhi duniani yanaonesha kwamba, miongoni mwa magonjwa ya ngozi, pumu ya ngozi ndiyo inayowapotezea watu miaka mingi zaidi ya maisha yenye afya. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kuwa kiwango cha ugonjwa huu kwa watu wazima kilikuwa kati ya asilimia 2.1 nchini Japani na asilimia 4.9 nchini Marekani. Nchi zilizohusishwa zilikuwa za Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Japani, Afrika haikuwamo.

Pengo hilo lina athari za kisera. Taarifa za wagonjwa wa nje katika vituo vya afya mara nyingi hujumlisha magonjwa ya ngozi katika kundi moja pana, hata upele, fangasi, majipu na ukurutu vikahesabiwa pamoja. Kisichohesabiwa peke yake ni vigumu kutengewa fungu katika bajeti. Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalotambua magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya jamii duniani. Azimio hilo linazipa nchi za ukanda huu nafasi ya kujiuliza ni ugonjwa upi unaowaumiza watu wazima bila kuonekana katika takwimu zao.

2. Jina na maana yake

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayogusa ugonjwa huu. Ukurutu ni neno pana linalotaja ngozi yenye vipele, magamba na muwasho, bila kubainisha chanzo. Upele ni maradhi ya kuambukiza yanayoletwa na wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Choa ni fangasi. Jina pumu ya ngozi, linalotumika sana nchini Tanzania, lina faida moja kubwa: linamkumbusha mgonjwa kwamba, kama ilivyo pumu ya mapafu, ugonjwa huu hudhibitiwa kwa muda mrefu, huja na kutulia, na hauambukizi. Pia linaonesha udugu wa kitabibu uliopo, kwani wagonjwa wengi huwa na pumu au mafua ya mzio, wao wenyewe au jamaa zao wa karibu.

Hata hivyo, jina hilo linaweza kumfanya msikilizaji aamini kwamba pumu imetoka kifuani na kuhamia kwenye ngozi, hivyo akaogopa kuitibu ngozi asije akaurudisha ugonjwa ndani. Neno aleji nalo huwafanya wagonjwa waache samaki, mayai au maziwa bila kupimwa, ilhali kwa watu wazima walio wengi chakula si chanzo cha ugonjwa. Kwa sababu hiyo, uteuzi wa istilahi katika miongozo ya tiba na vipeperushi vya elimu ya afya ni sehemu ya tiba yenyewe.

3. Chanzo na dalili kwa mtu mzima

Ngozi yenye afya ni kama ukuta: seli ni matofali, na mafuta yaliyo kati yake ni udongo unaoyashikilia. Katika pumu ya ngozi ukuta huo huvuja. Maji hutoka, ngozi hukauka, na vitu vinavyowasha pamoja na bakteria hupata njia ya kuingia. Kinga ya mwili nayo huitikia kupita kiasi, na muwasho humfanya mgonjwa ajikune. Kujikuna hubomoa ukuta zaidi, na mzunguko huanza upya.

Mwaka 2006 watafiti walibaini kwamba kasoro katika jeni ya protini iitwayo filagrini huongeza sana uwezekano wa kupata ugonjwa huu miongoni mwa Wazungu. Utafiti uliofanywa nchini Ethiopia ulionesha kwamba kasoro hizo ni adimu kwa wagonjwa wa huko. Somo lake ni kwamba maarifa yaliyopatikana Ulaya hayawezi kuhamishiwa Afrika Mashariki bila kupimwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa dalili. Vitabu vingi vya tiba hueleza ngozi iliyowiva na kuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama rangi ya zambarau, kijivu au weusi uliokolea, na mara nyingi hautambuliki kabisa. Kinachoonekana zaidi ni vipele vidogo kwenye vinyweleo, ngozi iliyokomaa na kuwa nene kwa kukunwa, na mabaka meusi au meupe yanayobaki baada ya uvimbe kutulia. Vipimo vya ukali vinavyotegemea wekundu vinaweza kumhesabu mgonjwa mahututi kuwa wa kawaida. Mtoa huduma anapaswa kuigusa ngozi ili kuhisi joto, uvimbe na ukavu, na kuuliza juu ya muwasho na usingizi.

Kwa mtu mzima ugonjwa hupenda mikono, kope, shingo na mikunjo ya viwiko na magoti. Uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja umeonesha kwamba takribani mgonjwa mmoja kati ya wanne walio watu wazima aliripoti kuanza kuugua ukubwani. Kwa huyu tahadhari huhitajika zaidi, kwa kuwa muwasho unaoanza ukubwani unaweza kuwa upele, fangasi, mzio wa saruji au dawa ya nywele, vipele vya muwasho vinavyoambatana na virusi vya UKIMWI, na mara chache saratani ya ngozi ya aina ya limfoma. Kuuliza iwapo wengine nyumbani wanajikuna, kuchunguza magamba kwa hadubini, na kushauri kipimo cha virusi vya UKIMWI ni hatua zinazowezekana hata katika kituo cha afya.

4. Mzigo usioonekana

Muwasho huzidi usiku. Mtu mzima asiyelala huamka amechoka, hukosea kazini na hupungukiwa subira nyumbani. Tafiti kutoka nchi mbalimbali zimehusisha ugonjwa huu na sonona na wasiwasi, hususani ukiwa mkali.

Mzigo wa pili ni wa riziki. Kazi zinazolowesha mikono mara kwa mara, kama vile usafi, ususi, upishi wa mama lishe, ufuaji na uuguzi, huubomoa ukuta wa ngozi kila siku. Fundi mwashi hukabiliana na saruji. Wengi wao wamo katika sekta isiyo rasmi, wasiko na likizo ya ugonjwa, hivyo siku ya kuugua ni siku ya kukosa kipato. Mzigo wa tatu ni unyanyapaa. Mteja akiona vidonda mikononi mwa mama lishe huenda kwa jirani yake, na mabaka mwilini huweza kuzua minong'ono kuhusu virusi vya UKIMWI. Kipimo cha ubora wa maisha kwa wagonjwa wa ngozi, kilichobuniwa Cardiff na kuchapishwa mwaka 1994, kina maswali kumi tu na kinaweza kunasa madhara haya kuliko macho ya daktari.

5. Hesabu ya tiba

Msingi wa tiba ni vitu viwili: kilainishi cha kuziba ukuta unaovuja, na steroidi ya kupaka ya kutuliza uvimbe. Vyote viwili si vigeni. Haidrokotisoni, betamethasoni na krimu ya urea zimo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mafuta ya mgando huuzwa katika maduka mengi ya mtaani. Tatizo kubwa liko katika kiasi.

Kipimo kinachotumiwa na wataalamu ni ncha ya kidole: dawa inayokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye mkunjo wake wa kwanza. Kiasi hicho ni takribani nusu gramu, na hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mkono mmoja, bila kiganja, huhitaji ncha 3. Mguu mmoja, bila wayo, huhitaji ncha 6. Mgonjwa ambaye ukurutu umefunika mikono na miguu yote huhitaji ncha 18, yaani gramu 9 kwa kila anapojipaka. Akijipaka mara moja kwa siku, tyubu ya gramu 15 humaliza siku mbili bila kuzijaza. Kwa wiki mbili atahitaji gramu 126, zaidi ya tyubu nane. Hata kama ni nusu tu ya eneo hilo iliyougua, atahitaji zaidi ya tyubu nne.

Mgonjwa wa namna hiyo anapoondoka kliniki na tyubu moja, tiba yake imeshindwa kabla hajafika nyumbani. Wiki mbili baadaye atarudi akiwa hajapona, na itaandikwa kwamba dawa haikumsaidia. Ataongezewa vidonge vya mzio vinavyomletea usingizi na kutuliza muwasho huu kwa kiasi kidogo tu, au prednisoloni, ambayo hutuliza haraka lakini ikiachwa ugonjwa hurejea kwa nguvu.

Kilainishi nacho huhitajika kwa wingi, si chini ya gramu 250 kwa wiki kwa mtu mzima ambaye mwili wake mwingi umeathirika. Hiyo ni kilo moja kwa mwezi. Katika nyanda za juu zenye baridi na ukavu mafuta ya mgando hufaa. Katika joto la pwani huweza kuziba vinyweleo, na krimu nyepesi isiyo na manukato huvumilika zaidi. Ugonjwa ukishatulia, steroidi hupakwa siku mbili kwa wiki katika maeneo yanayorudiwa mara kwa mara, badala ya kungoja mlipuko mwingine.

6. Steroidi kati ya hofu na matumizi mabaya

Ukanda huu una tatizo jingine linaloonekana kupingana na hilo la kwanza. Klobetasoli, ambayo ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote, huchanganywa katika krimu za kujichubua na katika mkorogo. Matokeo yake ni ngozi nyembamba, michirizi, chunusi, na hata kudhoofika kwa tezi zinazotengeneza steroidi ya asili mwilini. Rwanda iliongeza msako wa vipodozi vya kujichubua kuanzia mwishoni mwa mwaka 2018, na nchi jirani nazo zimepiga marufuku viambato mbalimbali. Aidha, krimu zinazochanganya steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria huuzwa bila cheti. Hufunika dalili za fangasi na kufanya utambuzi kuwa mgumu.

Juhudi hizo za udhibiti ni za lazima, lakini ujumbe usiotofautisha huwadhuru wagonjwa. Anayesikia kila siku kwamba steroidi ni sumu hupaka kidogo kwa woga. Elimu kwa umma inapaswa kusema wazi kwamba tofauti haiko katika jina la dawa, bali katika nguvu yake, mahali inapopakwa, muda wake na usimamizi wake. Betamethasoni mkononi kwa wiki mbili na klobetasoli usoni kwa miaka miwili si jambo moja.

7. Ngazi za huduma na ugonjwa mkali

Wagonjwa wengi wanaweza kudhibitiwa katika ngazi ya msingi iwapo matabibu wamefunzwa. Msingi wa mafunzo hayo upo. Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992 katika Hospitali ya KCMC, kimewafunza matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Moshi pia kumetengenezwa mafuta ya Kilisun ya kuwakinga watu wenye ualbino dhidi ya jua. Mfano huo unathibitisha kwamba bidhaa ya ngozi yenye ubora inaweza kuzalishwa katika ukanda huu. Vilainishi, ambavyo utengenezaji wake ni rahisi zaidi, vinaweza kufuata njia hiyo hiyo.

Kwa wachache wenye ugonjwa mkali, hospitali za rufaa zinaweza kutumia mwanga wa urujuanimno, methotreksati, azathiopurini au siklosporini. Methotreksati hufahamika tayari kwa madaktari wa saratani na wa maungio. Hunywewa mara moja kwa wiki, huhitaji ufuatiliaji wa damu na ini, na hairuhusiwi kabisa katika ujauzito. Kuchunguza kifua kikuu na homa ya ini kabla ya kuanza dawa za kushusha kinga ni muhimu. Dupilumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, na vidonge vipya vilivyofuata vimebadili maisha ya wagonjwa katika nchi tajiri, lakini bei yake inavifanya visiwe mahali pa kuanzia.

8. Hitimisho na mapendekezo

Mambo manne yanaweza kutekelezwa bila kungoja teknolojia mpya. Kwanza, pumu ya ngozi ihesabiwe peke yake katika taarifa za vituo, na umri wa mgonjwa uoneshwe. Pili, vilainishi vitambuliwe kuwa dawa, viingizwe katika orodha za kitaifa na mafao ya bima, na kiasi kinacholipiwa kiendane na ukubwa wa eneo lililougua. Tatu, miongozo ya tiba itumie picha na maelezo ya ngozi nyeusi, na itoe jedwali la ncha za kidole kwa Kiswahili. Nne, mgonjwa apewe tarehe ya kurudi hata kama anajisikia vizuri, kama inavyofanyika kwa mwenye shinikizo la damu au kisukari.

Watafiti nao wanadaiwa takwimu za watu wazima wa ukanda huu, hasa wafanyakazi wa kazi za maji na saruji, ili gharama ya siku za kazi zinazopotea ilinganishwe na gharama ya kilo moja ya kilainishi kwa mwezi.