Kwa Nini Ndege Ndogo Hugeuka Kabla ya Kufika Mlimani

Wakazi wa Othaya, Tetu na Kieni wamezoea kuona ndege ndogo za watu binafsi asubuhi za wikendi. Nyingi hutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Nanyuki, zikipita kati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mara nyingine ndege huingia bondeni, ikageuka na kurudi ilikotoka. Watu hudhani imepotea. Kwa kawaida hiyo ni dalili kwamba rubani anaijua kazi yake.

Tuchukue bonde la Gura. Anayelifuata kutoka Othaya kuelekea magharibi huanza akiwa na nafasi tele. Lakini ardhi inazidi kupanda, kingo zinakaribiana, na mbele kuna kuta za mwamba, huko ambako maporomoko ya Karuru hushuka mita 273.

Wakati huohuo ndege inazidi kuchoka. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua, na injini ya kawaida ya ndege ndogo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Ikifika futi 10,000 imebaki na asilimia 70 hivi. Ndege iliyopaa bila shida Mombasa ikiwa na watu wanne na tangi lililojaa, huku kwetu hupanda kwa kujikokota. Bonde linaweza kupanda haraka kuliko ndege.

Kugeuka nako kunahitaji nafasi. Ndege inayokwenda kilomita 185 kwa saa, ikiwa imelala upande kwa nyuzi 30, huhitaji karibu kilomita moja ya upana ili igeuke kabisa. Ndiyo maana rubani makini hupita karibu na ukingo mmoja wa bonde. Anayepita katikati amejinyima nusu ya nafasi. Kwa hiyo usishangae ukiona ndege karibu na mteremko wa upande wako; haikuja kuchungulia shamba lako.

Halafu kuna upepo. Kwetu huvuma zaidi kutoka mashariki: hupanda miteremko ya Nyeri, huvuka kilele na kushuka kwa nguvu upande wa Kinangop. Ndege inayotoka Kinangop kuja huku inaweza kusukumwa chini ikiwa imekaribia kabisa mlima. Marubani hufundishwa kuvuka wakiwa angalau futi 1,000 juu ya ukingo, tena kwa mshazari, ili wakishindwa wageuke upesi.

Asubuhi hupendwa kwa sababu jua likishawasha miteremko, mawingu hujengeka na kufunika vilele. Kanuni hiyo haifai sana Julai na Agosti, wakati ukungu unapoweza kukaa tangu alfajiri. Rubani anayesafiri kwa kutegemea macho hana ruhusa ya kuingia kwenye wingu, na huku kwetu wingu linaweza kuwa na mlima ndani yake. Tarehe 5 Juni 2018, ndege ya abiria aina ya Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iliangukia milima ya Aberdare. Mabaki yake yalipatikana siku mbili baadaye. Watu wote 10 walifariki.

Katika utafutaji wa namna hiyo, neno la mkazi lina uzito. Ukisikia injini ikinguruma chini chini ndani ya ukungu kisha ikanyamaza ghafla, au ukaona moshi msituni, piga 999 au 112, na umwarifu chifu au askari wa wanyamapori aliye karibu. Eleza saa, mahali uliposimama na upande sauti ilikotoka. Usiingie msituni peke yako. Ukifika penye ajali, saidia majeruhi, usiwashe moto wala sigara kwa sababu ya mafuta, na usiondoe kipande chochote, hata kidogo. Wachunguzi husoma chanzo cha ajali kutokana na mahali kila kipande kilipoangukia.

Na wenye mifugo karibu na viwanja vidogo vya ndege, tafadhali msilishie humo. Rubani aliyerudishwa na mawingu huenda hana pengine pa kutua.