Dawa Isiyokaa Ghalani

Tumezoea kuipima afya ya taifa kwa wingi wa zahanati na dawa zilizomo ghalani. Kipimo hicho ni chema. Lakini sasa imekuja dawa isiyokubali kuwekwa akiba, nayo yatudai tufikiri upya.

Wataalamu wa kemia huunda molekuli yenye ncha mbili. Ncha moja hujishikiza kwenye seli za saratani ya tezi dume. Ya pili hubeba atomu yenye mionzi. Ikibeba galiamu-68, daktari huona kwa mashine mahali ugonjwa ulipojificha. Ikibeba lutetiamu-177, mionzi huziua seli hizo papo hapo zilipo. Dawa ya namna hiyo, ambayo molekuli yake ilibuniwa Heidelberg, Ujerumani, iliruhusiwa Marekani mwaka 2022. Katika majaribio ya wagonjwa 831 ambao saratani ilikwisha kuenea mwilini, nusu ya walioipata waliishi zaidi ya miezi 15. Kwa wasioipata, ilikuwa miezi 11. Haikuwaponya. Lakini ni nani atakayeidharau miezi minne ya baba pamoja na wanawe?

Basi na tutazame hesabu. Lutetiamu hiyo hupoteza nusu ya nguvu zake kwa siku saba hivi. Galiamu kwa dakika 68 tu, hata sharti itayarishwe karibu na mgonjwa. Sanduku likilala uwanja wa ndege likingoja mhuri, dawa hufia humo, na fedha za umma hupotea nayo.

Wala taabu hii si ya maskini peke yao. Mwaka 2009 kinu cha nyuklia cha Chalk River, Kanada, kilifungwa kwa kuvuja, na hospitali za nchi tajiri zikaahirisha vipimo. Afrika nayo si mtazamaji: kinu cha Safari-1 huko Pelindaba, Afrika Kusini, kilichoanza mwaka 1965, ni miongoni mwa vile vichache vilivyoilisha dunia atomu za tiba.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hatusemi kila nchi ijenge kinu chake kesho. Huo ungekuwa ufahari mtupu. Twasema vijana wetu wafundishwe kemia na fizikia kwa vifaa, si kwa chaki tu. Nchi jirani zishirikiane. Na mfanyakazi wa forodha ajue kwamba saa moja ya uzembe wake yaweza kuwa uhai wa mwenzake. Dawa hii haingoji. Nasi tusingoje.