Kitufe Kisichoitika

Hutokea mtunzi wa ukurasa wa intaneti akabofya kitufe nacho kisiitike, hali amri alizokiandikia ni sahihi. (Kitenzi «bofya», kilichotumika tangu zamani kwa kuminya tunda ili kujua kama limeiva, kimeifaa sana kazi hii mpya.) Chanzo kimoja hupatikana katika tukio la kupakiwa kwa ukurasa. Katika JavaScript, window.onload ni nafasi ya amri moja tu. Programu ya pili ikiweka yake humo, ile ya kwanza hufutika bila onyo lo lote. Ikiwa hiyo ndiyo iliyopaswa kukiunganisha kitufe na kazi yake, kitufe hubaki bubu. Yafaa kutumia addEventListener, iliyoidhinishwa na shirika la W3C mwaka 2000: hiyo huongeza amri, wala haiondoi iliyotangulia.